Usitupe Picha ya Kifua ya Zamani

Wadau, wiki hii sina stori ya bei ya mafuta wala ya wanasiasa. Nataka tuongee kuhusu ile bahasha kubwa ya kaki ambayo iko kwa nyumba nyingi sana hapa Kenya. Iko chini ya godoro, ama juu ya kabati, ama nyuma ya TV. Ndani kuna picha ya kifua ya mtu fulani, ya mwaka fulani, na hakuna aliyeiangalia tena tangu siku ilipolipiwa.

Hoja yangu ni moja, na naisema mapema ili hata ukiachia hapa uwe umeipata. Kuna ugonjwa wa mapafu ambao picha moja huwa haiutoboi, lakini picha mbili zilizopishana miezi kadhaa zinaweza kuufichua. Kwa hivyo ile picha ya zamani si takataka. Wakati mwingine ni nusu ya jibu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa limfoma ya MALT ya mapafu. Limfoma ni saratani ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yao ni kulinda mwili. MALT ni kifupi cha jina refu la Kiingereza la zile tishu za ulinzi zinazokaa kwenye ngozi laini ya ndani ya mwili, kama tumboni na kwenye njia ya hewa. Kwa mapafu ni nadra kabisa, chini ya saratani 1 kati ya kila 100 za mapafu. Kwa hivyo tafadhali, ukiwa na kikohozi cha wiki moja usikimbie kuniandikia ati uko nayo. Kuna uwezekano mkubwa sana hauko nayo.

Mimi niliujua kupitia shangazi yangu.

Shangazi ni mwalimu mstaafu, ana miaka sitini na kitu, na hajawahi kuvuta sigara hata ya utani. Mwanzo wa 2023 alipata kikohozi kikavu ambacho hakikuwa kikali, kilikuwa tu kinakataa kwenda. Akapigwa eksrei, ikaonyesha kivuli chini ya pafu la kulia. Wakasema nimonia, akapewa antibiotiki. Baada ya wiki kadhaa kivuli bado kipo. Akapewa antibiotiki nyingine, kali zaidi. Bado. Makohozi yakapimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, haikuona kitu. Hata hivyo akaanzishiwa dawa za TB, miezi sita, zile za kugeuza mkojo uwe rangi ya chungwa.

Hapa nataka kuwa wazi, juu najua kuna watu wataanza kutukana madaktari huko chini. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Kenya iko kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kipimo kikikosa bakteria hakimaanishi moja kwa moja kwamba hawapo, na kumwacha mtu wa TB bila dawa ni hatari kwake na kwa wote wanaolala naye nyumba moja. Daktari akiona kivuli kwa kifua cha Mkenya na akifikiria TB kwanza, anafikiria vizuri.

Tatizo langu liko mwisho wa ile miezi sita. Shangazi alimaliza dawa zote bila kuruka hata siku moja, yeye ni mwalimu. Akapigwa eksrei ya mwisho. Kivuli kipo. Akaambiwa ni makovu, TB imeisha, nenda nyumbani. Hakuna mtu aliyeweka ile picha ya kwanza kando ya hii ya mwisho na kuziangalia pamoja. Angeziweka, angeona kwamba kivuli hakijapungua hata kidogo, na pembeni kimeongezeka. Kovu huwa haliongezeki.

Na wakati huo wote shangazi alikuwa anaishi kama mgonjwa wa TB. Kikombe chake kilitengwa. Watoto wa jirani waliacha kuja kufanyiwa homuweki. Kwa chama walianza kumtumia ujumbe badala ya kumtembelea. Alibeba aibu ya ugonjwa ambao hakuwa nao, na huku ule aliokuwa nao unakaa pale pale, mtulivu, hauna haraka.

Mwezi wa kwanza 2024 akafanyiwa skani ya CT. Ripoti ikasema ni nimonia isiyopona ama makovu ya TB. Antibiotiki tena. Katikati ya mwaka tukamtoa kwa matatu hadi Eldoret kumwona daktari wa kifua, mama mmoja mpole hivi, na swali lake la pili baada ya salamu lilikuwa, "Mwalimu, uko na picha za zamani?"

Shangazi akatoa mfuko wa plastiki. Zote zilikuwemo, kwa mpangilio wa tarehe. Huyu ni mtu ambaye bado ana rejista za darasa la nane za miaka ya tisini, ungetarajia nini? Daktari akaagiza skani nyingine ya CT, halafu ilipotoka akaniita karibu na skrini, pengine juu nilikuwa nauliza maswali kupita kiasi. Alichonionyesha kwa dakika kumi hivi ndicho kinachonifanya niandike haya.

Kwanza elewa CT ni nini. Eksrei ya kawaida inapiga kifua chote kwa mpigo mmoja, mbavu, moyo na mapafu vikipandana kama nguo kwenye kamba moja. CT inazungusha mionzi kuuzunguka mwili, halafu kompyuta inakukata vipande vyembamba kama slesi za mkate, vingine unene wa milimita 1 tu. Kila nukta kwenye slesi ina namba inayoonyesha uzito wa kitu kilicho pale. Kipimo hicho kinaitwa Hounsfield, kwa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza ambaye mashine yake ilipiga mgonjwa wa kwanza huko London mwaka 1971. Maji ni 0, hewa ni −1000. Pafu lenye afya limejaa hewa kwa hivyo linaonekana jeusi. Penye ugonjwa hewa imefukuzwa, panakuwa peupe.

Kwa skani ya shangazi, chini ya pafu la kulia kulikuwa na kitu kama wingu jeupe. Na kwa pafu la kushoto kulikuwa na mengine mawili madogo, ambayo eksrei hata haikuyaona. Hiyo ni dalili ya kwanza. Ugonjwa huu mara nyingi huwa na madoa zaidi ya moja, na mara nyingi pande zote mbili.

Halafu akanionyesha ndani ya wingu. Kulikuwa na mistari myeusi inayogawanyika kama matawi ya mti. Hiyo ni mirija ya hewa, bado iko wazi, imepita katikati ya ugonjwa bila kuzibwa. Sehemu nyingine ilikuwa hata imepanuka kidogo. Saratani nyingi za mapafu tunazozijua hukua zikiwa bonge, zikivuta, zikibana, zikiziba mrija mpaka sehemu ya pafu inasinyaa. Hii inajipenyeza kwenye kuta na kujaza nafasi, lakini inaacha ramani ya nyumba kama ilivyokuwa.

Akabadilisha mwangaza. Picha ile ile ya CT inaweza kutazamwa kwa mipangilio tofauti, mmoja unaonyesha hewa vizuri, mwingine unaonyesha nyama na damu. Kwa huu wa pili, juu shangazi alikuwa amedungwa ile dawa ya kung'arisha mishipa, tukaona mishipa ya damu ikipita ndani ya wingu ikiwa mieupe na mizima. Imepita tu. Kando ya wingu kulikuwa na ukungu mwepesi. Hakukuwa na maji kuzunguka pafu, na tezi za katikati ya kifua hazikuwa zimevimba sana.

"Sasa," daktari akasema, "kila moja ya hizi dalili nimonia pia inaweza kuonyesha." Na ni kweli. Mirija iliyo wazi ndani ya weupe ni dalili ya kitabuni ya nimonia. Kuna aina fulani ya saratani ya kawaida ya mapafu inayotoa ute, nayo inafanana hivyo hivyo. Kuna uvimbe usio na bakteria wala saratani unaofanana pia. TB nayo inaweza kuvaa nguo za mtu yeyote. Ndio maana ripoti ya kwanza ilisema nimonia. Aliyeisoma hakuwa kipofu, alikuwa na picha moja tu mbele yake.

Ndio daktari akaweka skani ya mwezi wa kwanza upande wa kushoto na ile mpya upande wa kulia, akaziteremsha pamoja slesi kwa slesi. Halafu akashika zile eksrei mbili kwenye mwanga wa dirisha. Miezi 17 kutoka ile ya kwanza. Wingu ni lile lile, mahali pale pale, limeongezeka kama upana wa kidole.

Fikiria hivi. Nimonia ya kawaida huwa na haraka. Inakupiga, unapona au inakuzidi, na kivuli kwa kawaida kinaisha ndani ya wiki au miezi michache. Saratani kali ya mapafu nayo, kwa miezi 17 bila matibabu, mara nyingi ingekuwa imekonda mtu na kusambaa. Sasa ni kitu gani kinakaa mwaka na nusu, hakiponi kwa antibiotiki, hakiponi kwa dawa za TB, kinakua polepole kama kucha, na mwenyewe bado anapika, anaenda kanisa, anachunga kuku wake? Watu wengi wenye limfoma hii hawahisi karibu chochote, inaonekana kwa bahati wakipigwa picha kwa sababu nyingine.

Kulikuwa na kitu kingine pia. Daktari alimwuliza shangazi kama mdomo na macho yake hukauka. Sote tukacheka, juu shangazi hajawahi kutoka nyumbani bila chupa ya maji. Kwa miaka mingi amelalamika macho yanakwaruza kama yana mchanga, na sisi tukasema ni vumbi ya chaki. Kumbe kuna ugonjwa unaitwa Sjögren, ambapo kinga ya mwili inashambulia tezi za mate na machozi, na watu wenye ugonjwa huo wana hatari kubwa zaidi ya kupata limfoma za aina hii. Mapafu ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hayana ile tishu ya MALT kwa wingi. Hujitokeza pale ambapo kinga imekuwa ikichokozwa kwa muda mrefu, na katika kuchokozwa huko ndipo chembe moja inaweza kupotoka na kuanza kujizalisha.

Lakini CT haihukumu, inashtaki tu. Hukumu inatoka kwa kipande cha nyama. Walianza na ule mrija mwembamba wenye kamera unaopitia puani, wakachukua vipande vidogo. Majibu yakasema ni uvimbe wa kawaida, limfosaiti nyingi. Mahali pengine safari ingeishia hapo. Huyu daktari akasema kipande ni kidogo na hakifanani na picha, turudie. Mara ya pili wakatumia sindano nene kupitia mgongoni, wakiongozwa na CT yenyewe. Maabara wakapaka zile rangi maalum zinazotafuta alama za chembe, kama ile inayoitwa CD20, na baada ya wiki kadhaa za kungoja, jibu likatoka. Limfoma ya MALT.

Nikaanza kusoma usiku kucha, na nikakutana na jambo ambalo lilinigusa. Walioeleza limfoma hii kama ugonjwa unaojitegemea, mwaka 1983, ni Peter Isaacson na Dennis Wright, wote wa Uingereza. Kabla ya hapo vivuli vingi vya namna hii kwenye mapafu vilikuwa vinaitwa limfoma bandia, kwa sababu vilikuwa vipole mno kuitwa saratani. Huyu Wright, miaka ya 1960, alikuwa anafanya kazi Makerere, hapo Kampala, akisoma vipande vya limfoma ya watoto ambayo Denis Burkitt alikuwa ameieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Mulago. Yaani mmoja wa waliokuja kuupa ugonjwa wa shangazi jina alikuwa amefanya kazi na wagonjwa wa Uganda, si mbali sana na kwetu. Kwa hivyo mtu asiniambie ati haya ni magonjwa ya kizungu.

Sasa kuhusu matibabu. Ukoo ulipata habari Jumanne, na kufikia Jumatano kulikuwa na kikundi cha WhatsApp, mwenyekiti, mweka hazina na namba ya kuchangia. Halafu daktari wa saratani akatuambia kwa sasa tutaangalia na kusubiri. Hakuna dawa. Skani baada ya miezi sita.

Jaribu kuelezea hiyo kwa wajomba. Mmoja aliuliza kama wametukatia tamaa. Lakini ni njia inayotambuliwa kwa mtu ambaye hana dalili kali. Ugonjwa huu huenda polepole, na tafiti nyingi zinaonyesha zaidi ya watu 80 kati ya 100 wako hai miaka 5 baada ya kutambuliwa. Ukianza kusumbua kuna upasuaji kama doa ni moja, kuna mionzi, kuna dawa kama rituximab inayolenga ile alama ya CD20. Hatari ipo, juu mara chache unaweza kugeuka ukawa limfoma kali, ndio maana kuna kuangalia kwenye kuangalia na kusubiri. Na unaangalia kwa nini? Kwa kulinganisha picha mpya na ya zamani. Tumerudi pale pale.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tunapenda sana kuongea kuhusu mashine. Kila gavana anataka kukata utepe mbele ya CT mpya, na ni sawa, mashine tunazihitaji. Lakini mashine bila kumbukumbu ni kamera tu. Mgonjwa akihama hospitali moja kwenda nyingine anaanza upya kama mtoto aliyezaliwa jana. Picha zinabaki kwa kompyuta ambayo nenosiri lake linajulikana na mtu mmoja, naye yuko likizo. Anayesoma picha analetewa karatasi imeandikwa "kikohozi" peke yake, bila kuambiwa kwamba kikohozi kina mwaka na dawa zimeshindwa. Neno "miezi 17" kwenye ile karatasi lingemfanya msomaji yeyote mzuri akae wima.

Hospitali zinaweza kurekebisha hii bila kununua chochote kikubwa. Fomu ya kuomba picha iwe na mstari mmoja wa lazima: picha ya awali ni ya lini, na iko wapi? Ripoti nayo iseme imelinganishwa na ipi. Na mtu akimaliza dawa za TB ambazo kipimo hakikuwahi kuthibitisha, na kivuli bado kipo, neno "makovu" lisiandikwe kabla ya kuweka picha mbili kando kwa kando.

Sisi nasi tuna kazi yetu. Usiache dawa za TB katikati kwa sababu umesoma haya. Usiende kudai CT kwa kila mafua, mionzi yake ni makumi ya mara ya eksrei ya kifua. Lakini kama kivuli kimetibiwa na hakijaondoka, uliza maswali matatu kwa heshima: Je, kimebadilika kutoka picha ya kwanza? Kinaweza kuwa nini kingine? Tunahitaji kuchukua kipande? Daktari mzuri huwa hakasirikii maswali hayo.

Na picha ni zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako kutoka kwa yeyote anayezishikilia. Ukifanyiwa CT, usiridhike na ile filamu ya kuchapishwa peke yake, inabeba slesi chache zilizochaguliwa kati ya mamia. Omba CD. Andika tarehe nje ya bahasha kwa kalamu nene, na jina la hospitali. Weka mahali ambapo panya hawafiki na mwambie mtu mmoja wa nyumbani ni wapi.

Lo, na hiyo CD ijaribu kwa kompyuta yao kabla hujatoka getini. Ya kwanza ya shangazi ilikuwa tupu. Tulipanda matatu mara mbili tena kuifuata.